Saa ya laki moja na nusu au ya milioni mbili? Mwongozo kamili kabla hujatoa hela

"Kaka shikamoo. Nina laki tatu mkononi. Nichukue hii saa janja ya laki moja na nusu nibaki na chenji, au nijichange taratibu mpaka nifikie kama hiyo unayovaa wewe?"

Aliyeniandikia ni mdogo wangu wa Tabata, mtoto wa mama mdogo. Alijiunga na kikundi cha jogging mwaka jana na sasa hivi kashikwa na homa ya Kili Marathon. Nilimjibu kwa swali: mara ya mwisho kukaa siku mbili mahali pasipo na umeme ilikuwa lini? Akafikiri, akaandika, "Msiba wa babu, kijijini." Nikamwambia basi nusu ya jibu unalo.

Nusu nyingine ndiyo hii. Mimi naishi Moshi, nakimbia, na mara moja moja napanda mlima. Nimevaa saa za bei ndogo miaka mitatu na ya bei kubwa miaka minne. Zote zimenifurahisha na zote zimenitia hasara, kwa hiyo sina upande.

Hatua ya 1: Iandike wiki yako ilivyo

Chukua karatasi. Andika kila mara uliyotoka kufanya mazoezi ndani ya wiki nne zilizopita: ulikwenda wapi, ulitumia saa ngapi, ulirudi nyumbani kwenye soketi au hukurudi, na kama njia ulikuwa unaijua. Chini yake andika tukio moja kubwa ambalo tayari umeshalilipia. Nasema ulilolilipia. Yale ya "mwakani nataka nipande Meru" yaache kwanza, maana kila mnunuzi wa saa ya gharama ana mlima mmoja kichwani ambao hajawahi kuuona kwa karibu.

Sasa tazama mstari mrefu kuliko yote. Kama ni saa tano au chini, barabara unaijua na jioni unalala kwako, saa ya bei ndogo yenye GPS yake yenyewe (kipokezi cha setelaiti kinachojua ulipo) inakutosha. Marathoni nzima ya kilomita 42.2, hata ukiipanda ile barabara ya Mweka kwa kutambaa, iko humo. Kama kuna siku ya saa kumi na mbili, au siku tano mfululizo bila umeme, au njia ya porini usiyoijua, endelea kusoma kwa makini, kwa sababu hapo saa ya gharama inaanza kuwa na maana.

Hatua ya 2: Jua hela inaenda wapi

Nje ya jina na chuma, bei kubwa inalipia vitu vitano: saa za betri GPS ikiwa imewashwa, ubora wa GPS yenyewe, barometa, vitufe na ramani. Vingine ni mapambo.

Tuanze na betri, kwa sababu ndiyo inayodanganya watu wengi. Sanduku linasema "siku 14". Hizo ni siku 14 za kuonyesha muda na kuhesabu hatua, GPS ikiwa imezimwa. Swali la kumuuliza muuzaji, au la kutafuta kwenye ukurasa wa mtengenezaji, ni hili: GPS ikiwaka mfululizo, inakaa saa ngapi? Saa moja inayojisifu siku 14 inaweza kukupa saa kumi tu za GPS, nyingine ishirini.

Piga hesabu ya Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Siku tano za kutembea kwa wastani wa saa sita ni saa 30. Ongeza usiku wa kilele pamoja na kushuka, kama saa 13. Jumla ni saa 43. Garmin Fenix 7, iliyotoka Januari 2022 kwa takriban dola 700, mtengenezaji anaitajia saa 57 za GPS. Inamaliza safari na kubakiza. Saa ya laki moja na nusu utaichaji njiani mara mbili au tatu kwa pawabenki, na pawabenki nayo ina uzito na inachukia baridi.

Hilo la baridi nililijua kwa mwili wangu. Tuliondoka Kibo, karibu mita 4,700, saa sita usiku. Saa yangu ya wakati huo, ya bei ndogo, ilikuwa na asilimia 41. Nilikuwa nimeivaa juu ya koti ili niione kwenye mwanga wa tochi. Kwenye ule mchanga wa changarawe, ambako unapiga hatua mbili unarudi moja, nikaitazama: 19. Hatua chache baadaye kioo kikawa cheusi. Kiongozi wetu akacheka, akaniambia, "Kaka, huku juu saa ni jua." Tulipofika Horombo mchana nikaibonyeza bila matumaini. Ikawaka, ikasema ina asilimia 23. Haikuwa imeisha. Betri ya lithiamu ikipoa sana umeme hautoki vizuri, saa inadhani imekwisha na inajizima. Ningeivaa ndani ya mkono wa koti, kwenye ngozi, huenda ingefika. Hata ya milioni mbili ivae ndani.

GPS ina mambo mawili. La kwanza ni kama saa inayo kweli. Saa nyingi za bei ndogo zinaandikwa "GPS" kumbe zinaazima ya simu kupitia Bluetooth. Ukiiacha simu nyumbani, umbali unakadiriwa kwa hatua. Majina yanafanana mpaka unachoka: Redmi Watch 3 ina GPS yake, Redmi Watch 3 Active haina. Neno moja tu kwenye sanduku.

La pili ni usahihi. Saa ya kisasa husikiliza setelaiti za Marekani (GPS), za Urusi (GLONASS), za Ulaya (Galileo) na za China (BeiDou), zote zikiwa maelfu ya kilomita juu yetu. Katikati ya maghorofa ya Posta au kwenye bonde lenye kuta za mawe, mawimbi hugonga ukuta kabla ya kufika mkononi, na saa inakuchora ukikimbia juu ya paa la benki. Saa za gharama, na siku hizi baadhi ya zile za kati, husikiliza masafa mawili ya kila setelaiti na hivyo hubagua mawimbi yaliyogonga ukuta. Kwenye barabara ya wazi ya Bagamoyo tofauti hiyo huioni. Msituni na mjini unaiona. Usilipie kitu ambacho njia yako haikihitaji.

Barometa ndiyo niliyoidharau kabla sijaitumia. Urefu kutoka usawa wa bahari ukipimwa kwa GPS peke yake huyumba. Unakaa chini ya mti unakunywa maji, saa inasema umepanda mita 15. Barometa hupima mgandamizo wa hewa, ambao hupungua kadiri unavyopanda. Huku chini ni kama mita 8 kwa kila hektopaskali moja (kizio cha kupimia mgandamizo), na pale Uhuru, mita 5,895, mgandamizo umebaki karibu nusu ya ule wa Dar es Salaam. Kwa hiyo inahisi hata ngazi za ghorofa moja. Ubaya wake ni kwamba haijui kutofautisha mlima na mawingu: hali ya hewa ikibadilika usiku, asubuhi unaamka umepanda mita 30 ukiwa ndani ya hema. Dawa ni kuisahihisha kila unapokuta kibao chenye namba ya mwinuko, langoni au kambini. Kwa mkimbiaji wa tambarare, barometa ni pambo. Kwa mtu wa Usambara, Meru au Kili, ndiyo inayokuambia umebakiza kiasi gani cha kupanda.

Vitufe. Ukivaa glovu, au kidole kikiwa na jasho na vumbi, au mvua ikinyesha, kioo cha kugusa kinakuwa na akili zake. Mvua ya Machi iliwahi kunisimamishia zoezi yenyewe, matone yakibonyeza kioo, nikaja kugundua kilomita tatu mbele. Vitufe vitano vya pembeni vinafanya kazi gizani bila kutazama. Mimi kati ya vile vitu vitano vya bei kubwa, hiki ndicho ningekiri kinanifanya nisirudi nyuma.

Ramani sitaikalia sana. Kama unapita njia zenye viongozi, na Kilimanjaro huruhusiwi kupanda bila kiongozi, ramani mkononi ni raha tu. Kama unakimbia peke yako milimani, mstari wa njia unaokuambia "umepotea, rudi" unaweza kukurudisha nyumbani kabla ya giza.

Hatua ya 3: Futa mambo yasiyostahili hata senti

Kariakoo utaonyeshwa saa ya elfu themanini inayopima sukari kwenye damu bila kuchoma. Iache mezani. Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba hakuna saa janja wala pete iliyoidhinishwa kupima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Mgonjwa wa kisukari akipangia dozi ya insulini kwa namba za saa hiyo, anacheza na maisha yake. Presha ya damu nayo ni vivyo hivyo kwa saa hizi za bei poa: namba itatokea, inapendeza, na haina kazi. Mama yako mwenye presha mnunulie kipimo cha mkanda wa kujaza hewa.

Oksijeni ya damu ielewe kabla ya kuiamini. Mwaka 2020 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo kwamba hata vipimo vya hospitali, vile vya kubana kidoleni, viliwapa wagonjwa weusi jibu la "uko sawa" wakati oksijeni imeshuka, karibu mara tatu zaidi ya walivyowapa weupe. Kama hivyo vya hospitali vinateleza, ya mkononi itakuwaje huku unatetemeka kwa baridi? Mlimani sikiliza kichwa kinachogonga, kutapika na kuyumba. Mwenzako akianza kutembea kama mlevi, mshusheni, saa iseme inachotaka.

Mapigo ya moyo ni habari nyingine, hayo yanapimika. Ile taa ya kijani humulika damu inayopita chini ya ngozi na kusoma inavyopungua na kuongezeka. Ukikaa, saa ya laki na ya milioni zinakaribiana kuliko wauzaji wanavyotaka ujue. Ukikimbia zote mbili zinaweza kuingia mtego mmoja: zinahesabu mtikisiko wa hatua zako badala ya moyo. Ukiona 172 imeganda wakati unazungumza na mwenzako bila kuhema, hizo ni hatua zako. Ivute saa juu ya mfupa wa kifundo, upana wa vidole viwili, kaza mkanda. Bado inakusumbua? Nunua mkanda wa kifuani unaosoma umeme wa moyo. Saa ya bei ndogo inayokubali mkanda wa kifuani inaishinda saa ya milioni mbili isiyo nao, kwa jambo hili moja. Hakikisha tu kabla ya kununua kwamba inaukubali, maana nyingi za bei ya chini kabisa haziukubali.

Hatua ya 4: Angalia katikati

Watu huchagua kati ya laki na milioni kama vile katikati hakuna kitu. Kuna saa za wakimbiaji, nyepesi, za plastiki, zisizo na urembo. Garmin Forerunner 55 ilitoka 2021 kwa takriban dola 200: saa 20 za GPS, vitufe vitano, kioo kinachosomeka juani, haina barometa. Coros Pace 3 ilitoka 2023 kwa dola 229: saa 38 za GPS ya kawaida, masafa mawili, barometa ndani. Hizo bei ni za kule zilikozinduliwa. Ukiagiza, uliza kwanza ushuru, na kumbuka kodi ya ongezeko la thamani ni 18% kwa Tanzania na 16% kwa Kenya. Niliwahi kushangilia bei ya mtandaoni, nikaja kununa kwenye dirisha la kuchukulia mzigo.

Kwa mtu anayekimbia mara nne kwa wiki na kupanda mlima mara moja kwa mwaka, hapa katikati ndipo ningemweka bila kusita. Mdogo wangu hakai hapa kwa sababu moja: laki tatu haifiki.

Hatua ya 5: Dukani

Usinunue kwa kutazama sanduku. Mwambie muuzaji aiwashe, aiunganishe na simu yako, halafu ufanye mambo haya.

Tazama programu inayotumika. Kama anakupa karatasi yenye msimbo wa kuskani unaokupeleka kwenye faili la kupakua nje ya duka rasmi la programu, shukuru, ondoka. Zile "Ultra" zinazofanana na za Apple kwa bei ya chakula cha wiki mbili ndizo zilizo nyingi hapa.

Zima Bluetooth ya simu. Anzisha zoezi la kukimbia nje, toka mlangoni, subiri saa ipate setelaiti. Mara ya kwanza inaweza kuchukua dakika kadhaa, vumilia. Tembea mita mia tano, maliza, washa Bluetooth, tazama kwenye simu kama mstari wa njia umechorwa. Umechorwa: ina GPS yake. Kuna umbali bila ramani: imehesabu hatua. Muuzaji akikataa usitoke na saa, mwachie kitambulisho au hela. Akikataa hata hivyo, duka la jirani lipo.

Kuhusu maji, tafuta maandishi "5 ATM". Maana yake imestahimili maabara mgandamizo unaolingana na mita 50 za maji yaliyotulia. Kuogelea inatosha, kuzamia na mtungi sivyo. Ukitoka baharini isuuze kwa maji baridi, usibonyeze vitufe ikiwa chini ya maji, na usioge nayo kwa maji moto na sabuni. Sabuni ndiyo adui wa mipira ya ndani.

Nunua waya wa chaji wa pili siku hiyohiyo. Kila mtengenezaji ana wake, na ukipotea Songea hutaupata.

Hatua ya 6: Ukiamua mtumba

Yangu ni ya mtumba, niliinunua kwa mgeni aliyeshuka mlimani akiwa hataki kuuona tena. Saa nzuri iliyotumika miaka mitatu mara nyingi ni bora kuliko mpya ya bei hiyohiyo, ila ipime.

Betri kwanza. Ijaze mpaka 100, washa GPS, kaa nje saa moja kamili. Saa iliyotoka kiwandani na saa 57 za GPS inapaswa kula asilimia 2 hivi. Ikila 3 au 4, bei ishuke. Ikila 6, betri imechoka, na kufungua saa hizi bila kuharibu kinga ya maji si kazi ya kila fundi. Kisha panda ngazi za ghorofa tatu ukitazama mwinuko: ukipanda kama mita 9 na namba haisogei, tundu za barometa zimeziba kwa jasho na mafuta ya kupaka. Wakati mwingine kuilowesha kwenye maji ya uvuguvugu kunazizibua, wakati mwingine hakuzizibui. Mwisho, muuzaji aitoe kwenye akaunti yake mbele yako na kuifuta yote. Akisema nenosiri kalisahau, huenda saa siyo yake.

Hatua ya 7: Hesabu ya mwaka

Saa ya laki moja na nusu ikikaa miaka miwili ni 75,000 kwa mwaka. Ya milioni mbili ikikaa miaka sita ni 333,000 na ushee. Tofauti ni 258,000 kila mwaka, ambazo ni viatu vya kukimbilia, na viatu vitakufikisha mbali kuliko saa yoyote. Ongeza na hili: ya gharama inaonekana. Ukiwa nyuma ya bodaboda saa mbili usiku Ubungo, unauvuta mkono wa shati juu yake.

Hatua ya 8: Wiki ya kwanza

Iunganishe na simu kabla ya kila safari ndefu, ipakue nafasi za setelaiti za siku zijazo. Itazipata haraka ukiwa porini. Kwenye mipangilio ya programu ficha eneo la nyumbani kwako. Januari 2018 iligundulika kwamba ramani ya njia za wakimbiaji ya Strava, programu ya kurekodi mazoezi, ilikuwa imeweka hadharani hata kambi za kijeshi, seuze geti lako. Na usiogope mtandao wa kampuni ukianguka. Julai 2020 Garmin walishambuliwa na wadukuzi, huduma zao zikazima kwa siku kadhaa, lakini saa ziliendelea kurekodi mikononi mwa watu.

Halafu ipeleke uwanjani. Njia ya ndani kabisa ya uwanja wa riadha ni mita 400 kwa mzunguko. Kimbia mizunguko kumi, linganisha na kilomita 4. Ikisoma kati ya 3.9 na 4.1, nyamaza, una saa nzuri. Ikisoma 4.4, irudishe na risiti yako. Angalia tu usihame njia, maana kila njia unayosogea nje inaongeza mita 7 na kidogo kwa mzunguko.

Mdogo wangu alichukua ya laki moja na sitini, yenye GPS yake. Jumamosi akanitumia picha ya kioo: mizunguko kumi, kilomita 4.07. "Kaka, nimepigwa?"

Nikamuuliza alikimbia njia ya ngapi.

"Ya pili. Ya kwanza kulikuwa na watoto wa shule wanaruka kamba."